Talladega, Darlington au Martinsville: uende mji upi wa mbio za magari Kusini mwa Marekani?

Darlington, South Carolina, ni mji wa watu wapatao 6,000. Wikendi ya sikukuu ya Labor Day, mwanzoni mwa Septemba, hupokea makumi ya maelfu ya wageni waliokuja kutazama magari yakizunguka uwanja wenye umbo la yai mpaka usiku. Talladega ya Alabama na Martinsville ya Virginia nazo zina habari kama hiyo. Ni miji midogo, majina yake yanajulikana na kila shabiki wa NASCAR, chama kinachoendesha mashindano haya ya magari, na kila mmoja huandaa mbio za daraja la juu mara mbili kwa mwaka.

Wasomaji wengi walioko Marekani wana nafasi ya safari moja tu. Likizo ni fupi, watoto wana shule, na petroli inataka hesabu. Wanauliza: kati ya mitatu hii, tuwashe gari twende upi?

Nawashauri waanze na maswali mawili ambayo watu huyaruka. La kwanza: ukiwa umekaa jukwaani, jicho lako litafuata kiasi gani cha mbio? La pili: bendera ya miraba myeusi na myeupe inayofunga mbio ikishapepea na makumi ya maelfu ya watu wakiwasha magari yao kwa pamoja, una saa ngapi za kuendesha kabla ya kufika kitandani? Umaarufu wa uwanja unakuja nyuma ya hayo mawili.

Vigezo tutakavyotumia

Nitaipima miji yote mitatu kwa mambo yale yale: barabara ya kufikia, kinachoonekana kutoka jukwaani, hali ya hewa na siku ya akiba, malazi na chakula, na mambo yaliyo nje ya uwanja, pamoja na swali la mapokezi, ambalo sisi watu weusi tuna haki ya kuliuliza. Bei za tiketi sizilinganishi kwa sababu hupanda na kushuka kila msimu. Kumbuka tu kwamba tiketi za watoto wa miaka 12 kushuka chini kwa kawaida ni nafuu sana, na katika viwanja vyote vitatu maegesho ya jumla kwa kawaida hayalipiwi.

Barabara

Ukitazama ramani utaona jambo zuri: Talladega na Darlington ziko kwenye barabara moja. I-20 inatoka Birmingham, inapita karibu kabisa na uwanja wa Talladega, inavuka Atlanta, inapita Augusta na Columbia, na inaishia Florence inapokutana na I-95. Kutoka Florence hadi Darlington ni kilomita 15 hivi. Kwa hiyo anayeishi Clarkston, pembeni mwa Atlanta, ana uchaguzi rahisi kueleza. Akielekea magharibi, atakuwa Talladega baada ya kilomita 160 hivi, chini ya saa mbili kama hakuna foleni. Akielekea mashariki, Darlington ni mwendo wa saa nne na nusu hadi tano.

Anayetoka Washington na vitongoji vyake ataona kinyume chake. Kwake Darlington iko chini moja kwa moja kwa I-95, saa sita au saba bila kuhangaika na kona za ramani, na Martinsville ni saa tano hivi. Anayetoka Charlotte yuko katikati ya mambo: Darlington ni saa mbili, Martinsville ni saa mbili na kitu.

Martinsville haiko kwenye barabara kubwa ya aina ya I-20. Unaifikia kwa US-220, ile inayounganisha Greensboro na Roanoke. Kutoka Greensboro ni kilomita 75 hivi za vilima na misitu, na ni barabara ya kupendeza asubuhi. Uwanja wenyewe uko Ridgeway, kusini kidogo ya mji, kwa hiyo anayetokea Greensboro anaufikia kabla hajauona mji.

Talladega ina mitego miwili ya wageni. Uwanja hauko mjini. Uko jirani na Lincoln na Eastaboga, na mji wa Talladega uko kilomita 15 hivi kusini yake. Ukiandika jina la mji kwenye simu badala ya jina la uwanja, utapelekwa kwenye mahakama ya wilaya. Mtego wa pili ni saa. Alabama iko nyuma ya Georgia kwa saa moja. Ukienda unaipata saa hiyo bure, ila ukirudi Atlanta usiku unailipa, na anayeingia kazini Jumatatu alfajiri ataihisi.

Unachokiona ukiwa jukwaani

Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote, na ndicho kinachotenganisha miji hii kabisa. Aliyezoea Safari Rally kule Naivasha anajua raha ya kusubiri: gari linatokea, linapita na vumbi lake, basi. Hapa gari lile lile litapita mbele yako mara mia kadhaa, na ladha iko katika kuona kinachobadilika kati ya mzunguko mmoja na unaofuata.

Martinsville ndio uwanja mfupi kuliko vyote katika mbio za ubingwa wa daraja la juu. Mzunguko mmoja ni mita 847 tu, na gari huumaliza kwa sekunde 20 hivi. Umbo lake ni kama kibanio cha karatasi: mistari miwili iliyonyooka na kona mbili kali ambazo karibu hazina mwinuko, nyuzi 12 tu. Sehemu zilizonyooka ni za lami, kona ni za zege. Dereva anakanyaga mafuta, anakanyaga breki, anakanyaga mafuta tena, kwa mizunguko 400 au 500 kutegemea ni mbio za msimu gani, na jioni inapoanza kuingia unaweza kuona sahani za breki zikiwaka nyekundu ndani ya magurudumu. Kiti chochote kinaona uwanja wote. Mtu aliyekuja mara ya kwanza, asiyemjua dereva hata mmoja, baada ya nusu saa ataelewa nani anamsukuma nani na kwa nini. Hapa ndipo tarehe 30 Oktoba 2022, katika mzunguko wa mwisho, Ross Chastain aliliegemeza gari lake kwenye ukuta wa nje, akakanyaga mafuta bila kuachia, akawapita wenzake watano na kupata nafasi ya kugombea ubingwa. Msimu uliofuata NASCAR ikapiga marufuku ujanja huo. Waliokuwa jukwaani waliona tukio zima kwa macho yao, bila kuhitaji skrini.

Darlington ni kisa kingine. Harold Brasington aliona mbio maarufu za Indianapolis 500 mwaka 1933, akarudi kwao na wazo la kujenga uwanja mkubwa kwenye shamba la pamba na karanga. Mwenye shamba, Sherman Ramsey, alikubali kwa sharti moja: bwawa lake la samaki wadogo lisiguswe. Ndiyo maana upande mmoja wa uwanja ulibanwa, na kona za huku hazifanani na kona za kule: nyuzi 25 upande mmoja, 23 upande wa pili. Mzunguko ni kilomita 2.2. Fundi akitengeneza gari lifae kona za kwanza, kona za mwisho zitamsumbua dereva, na mstari bora wa kupita uko juu kabisa, karibu na ukuta. Karibu kila dereva huugusa. Alama inayobaki ubavuni kulia mwa gari inaitwa mstari wa Darlington, na madereva huiona kama muhuri wa kuhitimu. Lami ya huko hukwangua tairi, kwa hiyo anayeongoza sasa anaweza kuwa wa kumi baadaye kidogo kwa sababu tu alikwenda kasi mno mapema. Ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Septemba 1950, magari 75 yalianza Southern 500 ya kwanza, ambazo ndizo mbio kuu za uwanja huu, zikachukua zaidi ya saa sita, na Johnny Mantz akashinda kwa gari la Plymouth lisilo na kasi kubwa, kwa kuwa alifunga tairi ngumu za magari ya mizigo ambazo hazikuisha haraka kama za wenzake. Mbio hizi zinamlipa mtazamaji mwenye subira. Mtoto wa miaka sita huenda akachoka. Babu aliyewahi kuendesha lori barabara za vumbi ataelewa kila kitu.

Talladega ni kasi na ukubwa. Ulifunguliwa mwaka 1969 kwenye uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi, kazi ya Bill France aliyeanzisha NASCAR. Mzunguko ni kilomita 4.28, kona zimeinuliwa nyuzi 33, na ukisimama chini ya kona hizo unahisi umesimama mbele ya ukuta. Bill Elliott alifikia wastani wa zaidi ya kilomita 342 kwa saa katika mzunguko wa kupanga nafasi mwaka 1987. Msimu huo huo gari la Bobby Allison lilirushwa hewani hapo hapo na kupasua uzio wa watazamaji. Kuanzia hapo injini zikaanza kuwekewa kidhibiti cha hewa kwenye viwanja vikubwa ili kasi ipungue, na matokeo yake ndiyo unayoyaona leo: hakuna anayeweza kuwakimbia wenzake, kwa hiyo magari karibu 40 huenda kwa kundi moja, safu mbili au tatu, yakiwa yameshikana kabisa, zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Likiyumba moja, kumi au ishirini huweza kugongana. Kundi lile likipita, unalihisi kifuani kabla hujalisikia vizuri. Ila baada ya hapo linakwenda mbali, upande wa pili wa uwanja magari yanakuwa madogo, na bila redio ya kusikiliza timu au skrini kubwa utakosa mengi. Ukienda Talladega, nunua kiti cha juu kadiri mfuko unavyoruhusu. Kiti cha chini kinakupa kelele bila picha.

Vizibio vya masikio ni lazima kwa viwanja vyote vitatu, na kwa watoto vile vikubwa vya kufunika sikio zima. Kwenye uwanja mfupi wa Martinsville kelele haina pa kwenda, na hailegei mpaka mwisho.

Mvua, joto na Jumatatu

Mbio za viwanja vya mviringo husimama mvua ikinyesha. Viwanja vifupi kama Martinsville sasa vina tairi maalumu za lami yenye unyevu, kwa hiyo huanza tena mapema zaidi, lakini mvua kubwa huko nako inasimamisha kila kitu. Kukiwa na mvua ya kutwa, mbio huhamia Jumatatu.

Hapa Southern 500 ya Darlington ina faida ambayo watu hawaifikirii: inafanyika Jumapili, na Jumatatu ni sikukuu ya taifa. Siku ya akiba umepewa na kalenda, huhitaji kumwomba bosi. Kwa upande mwingine, Septemba mapema South Carolina ni joto lenye unyevu. Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa atalitambua. Mbio zimekuwa zikianza saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo jua kali unalimaliza kwenye maegesho. Chukueni kivuli cha kubeba na maji mengi kuliko mnavyodhani mtahitaji.

Talladega inaandaa mbio zake Aprili na Oktoba. Oktoba ndio mwezi ninaoupenda kwa Alabama: mchana wa vuguvugu, usiku wa baridi kidogo, na milima inaanza kubadilika rangi. Aprili ni kipindi cha dhoruba, angalia utabiri hadi siku ya mwisho. Martinsville iko vilimani, na mbio zake za mwisho wa Machi au Aprili zinaweza kukukuta na baridi ya kweli. Beba koti zito hata kama jua linawaka unapoondoka nyumbani.

Kulala na kula

Hakuna hata mmoja kati ya miji hii wenye hoteli za kutosha, na vyumba vilivyopo hupanda bei wikendi ya mbio. Kwa Darlington watu hulala Florence, penye hoteli nyingi za kando ya I-95, na hii inaifanya kuwa rahisi kuliko zote kwa familia. Kwa Talladega hulala Oxford, Anniston, Pell City au Birmingham. Kwa Martinsville hulala Greensboro, Danville au Roanoke, na wote hao watarudi kwa barabara zile zile chache. Msitoke mbio zinapoisha tu. Kaeni saa nzima kwenye maegesho, kuleni, watoto wacheze, foleni ipungue.

Talladega ndiyo nyumba ya kambi. Maelfu ya watu huja na hema na nyumba za magurudumu, wanakaa siku nne au tano, na kwa wengi wao wikendi hiyo ni mkutano wa ukoo. Sehemu ya ndani ya uwanja usiku ni muziki na pombe, na si mahali pa watoto. Ukitaka kambi na watoto, chagua eneo la nje lililotengwa kwa familia na ulipie mapema. Darlington na Martinsville nazo zina kambi, ndogo na tulivu zaidi.

Chakula: viwanja hivi vinaruhusu kuingia na begi laini la barafu lenye ukubwa uliowekwa, pamoja na chakula na kinywaji chako, mradi usilete chupa za kioo. Pikeni nyumbani. Mkate wa kumimina, sambusa, kuku wa kukaanga na chai ya chupa vinasafiri vizuri, na kwa familia nyingi hii peke yake inabadilisha hesabu ya safari. Kwa Waislamu, na yeyote asiyekula nguruwe, ni muhimu hasa. Nyama choma ya upande wa Darlington kwa desturi ni nguruwe mzima aliyepakwa siki na pilipili. Martinsville inajulikana kwa soseji zake nyekundu ndani ya mkate, zenye kachumbari ya kabichi na vitunguu. Uliza nyama yake kabla ya kuagiza. Alabama ya kaskazini ina mchuzi mweupe wa siki na mayonezi unaopakwa kuku aliyebanikwa, na ni mtamu.

Na ukipita barabara za South Carolina, simama kwenye vibanda vinavyouza karanga za kuchemsha. Zinachemshwa na maganda na chumvi kama za kwetu, na jimbo limezitangaza rasmi kuwa kitafunwa chake. Nunua mfuko mkubwa.

Nje ya uwanja, na swali la mapokezi

Nianze na swali lenyewe, kwa sababu ndilo linalowazuia wengi. Mchezo huu ulikulia Kusini, mashabiki wake wengi ni weupe, na kwa miaka mingi bendera ya majimbo yaliyopigania utumwa ilipepea juu ya kambi za mashabiki. Tarehe 10 Juni 2020 NASCAR ilipiga marufuku bendera hiyo katika mbio zake zote. Siku chache baadaye, Talladega, baada ya kamba yenye kitanzi, alama ya enzi za kuwanyonga watu weusi, kuonekana katika gereji aliyopangiwa Bubba Wallace, dereva mweusi mzaliwa wa Mobile, Alabama, madereva wenzake na mafundi wao walilisukuma gari lake hadi mbele ya safu huku wakitembea nyuma yake. FBI ilichunguza na kusema kamba hiyo ilikuwapo pale tangu Oktoba 2019, kabla yeye hajapewa gereji hiyo. Kitendo cha wenzake hakikupungua uzito. Oktoba 2021, katika mbio zilizosogezwa hadi Jumatatu kwa mvua, Wallace alishinda Talladega.

Dereva mweusi wa mwisho kushinda daraja hilo kabla yake alikuwa Wendell Scott, tarehe 1 Desemba 1963, huko Jacksonville, Florida. Ushindi siku ile alitangaziwa mwingine. Waandaaji walikiri baadaye kwamba Scott ndiye aliyeshinda, lakini familia yake ilikabidhiwa kombe Agosti 2021, miaka mingi baada ya kifo chake. Scott alikuwa mtu wa Danville, Virginia, kilomita 50 hivi mashariki ya Martinsville. Alikuwa fundi wa magari yake mwenyewe, na wanawe walikuwa wasaidizi wake. Na ajali iliyokatisha kazi yake ilitokea Talladega, mwaka 1973. Ukijua habari zake, viwanja hivi vinaacha kuwa vya watu wengine. Mwaka 2015 aliingizwa katika Jumba la Heshima la NASCAR, lililoko Charlotte.

Leo ndani ya malango utakuta familia za kila rangi, si nyingi, lakini zipo, na jirani wa kiti mara nyingi ndiye anayeanza kukueleza sheria za mbio. Nje ya malango, kwenye mashamba na magari ya watu binafsi, bendera ile bado unaweza kuiona katika majimbo yote matatu. Nawaambia mapema ili wazazi wajue watakavyowaeleza watoto.

Mambo ya kutazama pembeni ni mengi zaidi upande wa Talladega. Mlangoni kwa uwanja kuna jumba la makumbusho la mbio za magari lililofunguliwa mwaka 1983, na siku zisizo na mashindano kwa kawaida kuna basi la kuwazungusha wageni kwenye njia yenyewe ya mbio. Ng'ambo kuna uwanja mdogo wa udongo ambako wenyeji hushindana usiku. Mjini kuna Chuo cha Talladega, kilichoanzishwa mwaka 1867 kwa juhudi za William Savery na Thomas Tarrant, watu waliokuwa wametoka utumwani. Kilomita 30 hivi mashariki, Anniston, kuna eneo la taifa la kuwakumbuka wasafiri wa uhuru (Freedom Riders), weusi na weupe waliopanda mabasi pamoja kupinga ubaguzi, ambao basi lao lilichomwa moto tarehe 14 Mei 1961. Kilele cha Cheaha, mahali pa juu kuliko pote Alabama, kiko karibu. Birmingham ina kanisa la Mtaa wa 16 lililolipuliwa Septemba 1963 na kuua wasichana wanne, na ng'ambo ya barabara kuna Taasisi ya Haki za Kiraia. Njiani, Leeds, kuna jumba la Barber lenye pikipiki zaidi ya elfu moja, na mpenda bodaboda hatataka kutoka. Siku mbili hazitoshi.

Darlington yenyewe ina makumbusho madogo uwanjani, na jirani yake ni Timmonsville, kijiji cha Cale Yarborough, aliyeshinda Southern 500 mara tano. Baada ya hapo safari inageuka kuelekea pwani: Myrtle Beach kwa saa moja na nusu, au Charleston kwa saa mbili, ambako Makumbusho ya Kimataifa ya Wamarekani Weusi yalifunguliwa mwaka 2023 pale pale kwenye gati waliposhushwa Waafrika wengi walioletwa utumwani. Kwa maoni yangu, mwenye siku ya ziada asiiache Charleston.

Martinsville ni mji wa viwanda vya nguo na samani vilivyofungwa kimoja baada ya kingine. Hata zawadi ya mshindi inasimulia hilo: tangu 1964 anapewa saa ndefu ya mbao ya kusimama sakafuni, kazi iliyokuwa fahari ya mafundi wa eneo hilo. Uwanja ulianza mwaka 1947, kabla NASCAR yenyewe haijaundwa, na ndio pekee ambao umekuwa kwenye ratiba kila mwaka tangu msimu wa kwanza wa 1949. Stuart, kilomita 45 hivi magharibi, wana makumbusho ya ndugu wa familia ya Wood, walioanza timu mwaka 1950 na kuwa stadi kiasi kwamba mwaka 1965 waliitwa kumhudumia dereva Jim Clark aliposhinda Indianapolis 500. Barabara ya milimani ya Blue Ridge iko hapo juu. Greensboro kuna duka la Woolworth, sasa makumbusho, ambako wanafunzi wanne weusi walikaa kwenye meza ya chakula ya weupe pekee tarehe 1 Februari 1960 na kukataa kuondoka.

Uende wapi kulingana na hali yako

Kama ni mara yako ya kwanza, na una watoto wadogo au mwenza ambaye hana uhakika kama atapenda, nenda Martinsville. Mtaona kila kitu, mbio ni fupi kwa umbali, na saa za mchana zinarahisisha kurudi. Ukikaa Greensboro au karibu, unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Kama unakaa Atlanta au Birmingham, na vijana wako wa sekondari wanataka kasi, nenda Talladega mwezi Oktoba. Ondokeni Ijumaa, mtumie Jumamosi Anniston na Birmingham, Jumapili mkae viti vya juu. Mwenye marafiki wa kupiga nao kambi, hakuna mahali pengine pa kulinganisha.

Kama wewe ni mpenzi wa ufundi wa magari, unayependa kujua kwa nini dereva mmoja anatunza tairi na mwingine anaziua, Darlington ndiyo yako. Inamfaa pia aliye kwenye I-95, kuanzia Washington hadi Savannah, na mfanyakazi asiyeweza kukosa kazini mvua ikiharibu ratiba. Wazee watapenda hoteli za Florence na mwendo wa dakika ishirini, ingawa kumaliza mbio usiku kunawataka wapumzike mchana.

Kama bajeti imebana sana, chagua mji ulio karibu na kwako, nunua tiketi ya Jumamosi badala ya Jumapili. Madaraja ya chini hukimbia siku hiyo kwenye njia ile ile, kwa bei ndogo na foleni fupi.

Na kama hamna hamu ya umati kabisa, nendeni wiki isiyo na mbio. Hapo Talladega ndiyo yenye mengi ya kuona, Martinsville inakupa milima na Stuart, na Darlington inafaa kuwa kituo cha nusu siku mkielekea Charleston. Pigeni simu kabla ya kuondoka kuuliza kama makumbusho yamefunguliwa siku hiyo.